Unataka kuajiri mtu mwenye ulemavu na hujui pa kuanzia? Fata hatua hizi (Unguja na Pemba)

Mie nafanya kazi za utumishi kwenye mahoteli hapa Unguja, na kila msimu wa wageni ukikaribia simu zinakuja zile zile. Mwenye gesti Jambiani, mwenye duka Darajani, mwengine yuko Chake Chake ana mkahawa wake. "Nataka kumuajiri kiziwi, ntaongea nae vipi?" "Huyu wa kiti mwendo atapanda vipi juu?" "Akishindwa kazi ntaweza kumuondoa au ntapelekwa mahakamani?" "Serikali inanitaka asilimia ngapi?" Nshachoka kujibu mmoja mmoja, naandika hapa mara moja, ukinipigia tena ntakurushia hii.

Hii siwaandikii wale wenye ofisi nzima ya utumishi, nakuandikia wewe mwenye watu watano, kumi, thelathini, ambae wewe ndie bosi, ndie mhasibu, na pengine ndie unaeenda sokoni asubuhi.

Kitu kimoja ukishike kabla hatujaenda mbali: anza na kazi, usianze na ulemavu. Wengi wanafanya kinyume, mtu anasema natafuta mlemavu nimsaidie, akishampata ndio anaanza kufikiria ampe kazi gani, mwisho anamkalisha getini kufungua mlango, mwezi wa pili haujesha bosi kachoka na kijana kachoka zaidi. Wewe unatafuta mpishi, mtu wa londri, mhasibu, mtu wa risepsheni. Ukitaka kutoa sadaka toa, lakini sadaka na ajira usizichanganye kwenye bahasha moja.

Sheria nitaigusa kidogo tu. Kazi na ajira si mambo ya Muungano, Zanzibar ina sheria zake. Ile asilimia 3 ya wafanyakazi wawe wenye ulemavu, ambayo kila mtu anaitaja, kwa mwajiri mwenye watu 20 na kuendelea, imo kwenye Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Bara ya 2010. Huku kwetu tulikuwa na Sheria namba 9 ya 2006, halafu ikaja nyengine 2022, na iko Sheria ya Ajira namba 11 ya 2005 inayokataza ubaguzi kazini. Wajibu wako kamili kaulize Kamisheni ya Kazi au Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, usichukue maneno ya vijiweni.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Karatasi iloandikwa kazi yenyewe ni nini, kwa vitendo, si cheo tu.
- Tepu ya kupimia, ile ya fundi seremala.
- Namba za jumuiya. UWZ ni ya watu wenye ulemavu kwa ujumla, CHAVIZA ya viziwi, ZANAB ya wasioona, ZAPDD ya wenye ulemavu wa akili, JUWAUZA ya wanawake wenye ulemavu, na SHIJUWAZA ndio shirikisho linalozikusanya.
- Pesa kidogo ya pembeni: mkalimani wa siku moja, mbao za fundi, bulbu, vitu kama hivyo. Mara nyingi ni ndogo kuliko unavyokhofia.
- Mtu mmoja hapo kazini, asiwe wewe bosi, ambae mgeni atamuuliza bila ya kuona haya.
- Mkataba ule ule unaowapa wafanyakazi wengine. Kama huna mkataba unaompa mtu yeyote basi tatizo lako ni kubwa kuliko hili, anza na hilo.

Hatua ya 1: Ivunje kazi vipande vipande

Chukua kazi ya kusafisha vyumba. Andika: kubadilisha mashuka, kupiga deki, kusafisha choo, kugonga mlango kabla ya kuingia, kuripoti bomba bovu, kupokea maagizo kwa redio koli. Sasa kwenye kila kipande jiulize, hiki ni kazi yenyewe au ni mazoea yetu tu ya kuifanya? Kubadilisha mashuka ni kazi. Redio koli ni mazoea, meseji inatosha.

Pitia na zile sifa unazoandika kwa kunakili kutoka tangazo la mwenzio. "Awe mchangamfu na mzungumzaji mzuri" kwa mtu wa londri, wa nini? "Awe na cheti cha kidato cha nne" kwa muosha vyombo? Hapa nasisitiza kwa sababu watu wengi wenye ulemavu wameachia skuli njiani si kwa ujinga, skuli haikuwa na mwalimu anaejua lugha ya alama, au haikuwa na choo wanachoweza kuingia, kwa hiyo ukiweka cheti pahala ambapo cheti hakina kazi ushawafungia mlango kabla hujawaona.

Hatua ya 2: Ipite njia yote na tepu mkononi

Toka kituo cha daladala mpaka pahala pa kazi, halafu chooni, pahala pa kulia, pahala pa kuswalia, urudi. Watu wanapima mlango wa mbele tu wanasahau choo, na mtu anakaa kazini masaa nane.

Kwa mtu wa kiti mwendo mlango uwe na upana usiopungua sentimita 80, 90 ni bora, na chooni pawe na nafasi ya kugeuza kiti, kama sentimita 150 kwa 150. Rampu hesabu yake ni rahisi, kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Kizingiti cha sentimita 15 kinataka rampu ya sentimita 180. Fundi akikwambia "hapa nakutilia ya mita moja inatosha" mwambie apande yeye akiwa amekaa kwenye kiti, akisukuma kwa mikono yake.

Ukiwa Mji Mkongwe usianze kuvunja wala kumwaga zege, majengo yako chini ya Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe na mji wenyewe ni urithi wa dunia wa UNESCO tokea 2000, kwa hiyo kaombe ruhusa kwanza. Lakini rampu ya mbao ya kuweka na kutoa haigusi jengo, na kwa vile vizingiti vyetu virefu vya milango ya nakshi ndio suluhisho la haraka. Zile ngazi za ndani zilizosimama kama za mnazi usihangaike nazo, iteremshe kazi chini. Mhasibu hana lazima ya kukaa ghorofa ya pili, kakaa huko kwa sababu meza ilikuwa huko.

Kwa asieona khatari kubwa ni kitu kinachohamahama: kreti za soda ukumbini leo ziko kushoto kesho kulia, dirisha lililofunguliwa kwa nje usawa wa kichwa, ndoo ya deki. Ngazi yenyewe akishaizoea haimsumbui.

Hatua ya 3: Tangaza pahala ambapo watakuona

Usibandike picha ya tangazo peke yake. Simu inayomsomea asieona inasoma maandishi, picha mara nyingi inaipita tu au inataja "picha". Andika maneno yale yale chini yake. Weka namba inayopokea simu na meseji pia, kwa sababu kiziwi hapigi. Eleza ukweli wa pahala: ghorofa ya chini, ngazi mbili mlangoni, shifti inaanza saa moja, gari ya stafu ipo au haipo. Mtu ajipime mwenyewe.

Peleka kwenye jumuiya nilizotaja, kwa masheha, na kwenye vituo vya mafunzo ya amali, Mwanakwerekwe na Mkokotoni kwa Unguja, Vitongoji kwa Pemba. Wape wiki mbili, habari za namna hii zinakwenda kwa mdomo.

Hatua ya 4: Intavyuu

Unapomwita muulize swali moja: "Kuna kitu unahitaji ili intavyuu iende vizuri?" Basi. Akisema mkalimani, tafuta mkalimani, CHAVIZA watakuelekeza, na unamlipa wewe.

Makosa ninayoyaona kila mara:

Kumtumia ndugu yake kama mkalimani. Dada mtu anajibu anavyoona yeye, mshahara anauulizia yeye, kijana kakaa pembeni anatizama ukuta. Mkalimani awe mtu wa kazi, na wewe macho yako yawe kwa unaemuhoji, usimwambie mkalimani "muulize kama anaweza". Mzungumzishe mwenyewe.

Kudhani kila kiziwi utamuandikia kwenye karatasi. Wengine wanaandika vizuri, wengine lugha yao ya kwanza ni lugha ya alama na Kiswahili cha kuandika kwao kigumu kama Kiingereza kwa bibi yangu wa Makunduchi, haimaanishi hana akili.

Kuuliza "ulipatwa na nini?" Hii sisi tunaipenda, tunaona ni huruma, na baadae inafatiwa na "pole sana, Mungu atakulipa". Hukumwita kumpa pole. Uliza hivi: "Kazi hii ina mambo manne, haya hapa. Utayafanya vipi, na utahitaji nini kutoka kwetu?" Yeye kaishi na mwili wake miaka yote, ana njia ambazo hujawahi kuzifikiria.

Hatua ya 5: Mjaribu kwa kazi, si kwa maneno

Nusu siku, kazi yenyewe, na umlipe. Atandike vitanda viwili, apike pilau ya watu kumi, aingize risiti za wiki moja kwenye kompyuta. Wape wote wanaoomba jaribio lile lile, wenye ulemavu na wasio nao, na muda uwe ule ule isipokuwa kama mmekubaliana vyengine mapema.

Hatua ya 6: Kubalianeni mpangilio, uandikwe

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo ntakaa kidogo.

Kiziwi kwenye vyumba. Anagonga, mgeni ndani anajibu "subiri", yeye hasikii, anafungua, mgeni yuko na taulo. Mahoteli mengi yanamkataa kwa hilo tu. Dawa yake: vibao vya mlangoni vifatwe kweli, risepsheni imtumie orodha ya vyumba ambavyo wageni washatoka, na vyumba vyenye mashaka aingie na mwenzake. Jikoni ambapo mpishi mkuu anapiga kelele za oda, oda ziandikwe kwenye vikaratasi zitundikwe, na nakuhakikishia hata wanaosikia makosa yao yatapungua. King'ora cha moto kiwe na taa inayowaka, na kama huna uwezo wa king'ora cha taa basi kila shifti pawe na mtu mmoja aliepangwa kwenda kumgusa bega.

Asieona kwenye ofisi au buking. Programu ya NVDA inasoma skrini ya kompyuta, ni ya bure kabisa, na ile sauti ya eSpeak inayokuja nayo Kiswahili imo. Sauti yenyewe kavu, ndio, lakini mtu anaizoea. Simu za Android zina TalkBack humo humo ndani. Kabla hujanunua mfumo mpya wa buking au wa mishahara mwambie anaekuuzia auonyeshe ukiendeshwa kwa kibodi bila ya mausi, kama hauendi basi NVDA nayo itakwama, na mfumo huo asieona hataugusa.

Mwenye ualbino. Hapa watu wanafikiria jua tu. Jua ni kweli, usimpange bustanini wala ufukweni saa sita mchana, kofia pana na mikono mirefu iwe sehemu ya yunifomu, na losheni ya jua iwe juu ya mwajiri kama zilivyo glavu. Lakini na macho pia, wengi uoni wao ni hafifu, kwa hiyo rosta iloandikwa kwa herufi za mchwa haisomeki. Kuza maandishi, na skrini isielekee dirishani.

Mwenye ulemavu wa akili. Kazi moja kwa wakati, ionyeshwe kwa vitendo, hatua zibandikwe kwa picha ukutani, anaemfundisha awe yule yule. Anaweza kuchukua muda mrefu zaidi kujifunza, lakini akishashika londri yako itakunjwa vile vile kila siku, na usiibadilishe ratiba ghafla bila ya kumuandaa. ZAPDD washauri wazuri hapa.

Wa kiti mwendo au magongo. Ofisi ushaipima hatua ya 2, kilobaki ni usafiri. Daladala la saa kumi na mbili asubuhi limejaa, konda hana subira, kiti hakina pa kuwekwa. Mara nyengine unabadilisha shifti ianze saa tatu na umemaliza. Au mnakubaliana sehemu ya nauli ya bajaji. Gari yako ya stafu kama ina ngazi ndefu, mtengenezee kistuli, na usimwamuru kuli ambebe begani, muulize anavyotaka kusaidiwa.

Mkishakubaliana andika nusu ukurasa: nini kitafanyika, nani atafanya, lini mtakaa tena kukitizama. Mambo ya afya yake asiehusika hana haja ya kuyajua, karatasi hiyo isizagae risepsheni.

Hatua ya 7: Mkataba

Mshahara ule ule wa kazi ile ile. Nimewakuta watu "wanajitolea" mwaka wa tatu, wanapewa posho ya sabuni wanaambiwa wanapata uzoefu. Hiyo si ajira. ZSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, achangiwe kama wengine. Asieona msomee mkataba wote faraghani au mpe faili lake asome kwa simu yake, usimchukulie dole gumba haraka haraka. Kiziwi aelezwe na mkalimani, kifungu kwa kifungu. Pesa ziingie kwenye akaunti yake au simu yake, si ya mjomba.

Hatua ya 8: Lirekebishe grupu la WhatsApp

Usicheke. Siku hizi kazi zetu nusu ziko kwenye simu, rosta, zamu, "leo wageni ishirini wa Kitaliano", yote yanapita kwenye grupu, na anaeachwa nje ya grupu kaachwa nje ya kazi. Supavaiza anapenda voisi za dakika tatu kwa sababu mvivu wa kuandika, kiziwi anaona mshale tu. Mwengine anapiga picha rosta ya ukutani anairusha, asieona haimsomei kitu. Kanuni iwe moja: agizo lolote la kazi liandikwe kwa maneno. Ukitaka voisi tia, lakini maandishi yawepo. Na hizi mashine mpya za kuweka kidole ukiingia kazini zifungwe kwa urefu ambao aliekaa anafikia.

Hatua ya 9: Wenzake, na miezi mitatu ya mwanzo

Mkutano mfupi kabla hajaja, dakika kumi na tano. Usitoe historia ya maisha yake. Waambie anaitwa nani, anafanya kazi gani, anawasiliana vipi. Waambie na maneno ya kuacha, "bubu", "kiwete", "yule kipofu wetu", hata kwa mzaha. Kama ni kiziwi mpe yeye mwenyewe nafasi awafundishe alama kumi za kazini, siku ya pili utawakuta wanazitumia kusengenyana, hapo jua kapokelewa.

Halafu kaeni nae wiki ya kwanza, mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu. Muulize kipi kinakwama.

Ikikwama

*Nimetangaza hakuna aliekuja.* Tizama tangazo lako upya, mara nyingi ni zile sifa za kunakili. Au walikuja zamani wakafukuzwa getini na mlinzi, waulize jumuiya watakwambia jina la hoteli yako linasemwaje.

*Wenzake wanamfanyia kila kitu.* Kaa na wenzake, si yeye. Kazi yake iachwe yake hata ikichelewa mwanzo. Bibi mmoja wa jikoni alikuwa anamkatia vitunguu kijana wa watu mpaka mwezi ukaisha, kwa mapenzi tu, na kijana hakujifunza kitu.

*Wageni watalalamika.* Mie sijapata malalamiko yaliyohusu ulemavu wenyewe, nimepata ya chai kuchelewa. Kiziwi akiwa mhudumu, mpe menyu ya kuonyesha kwa kidole na beji inayoeleza, imekwisha.

*Anachelewa kila siku.* Uliza kabla hujaandika onyo. Kama ni usafiri rudi hatua ya 6. Kama ni usingizi mpe onyo kama mtu mwengine.

*Kazi haiwezi, naogopa kumwambia.* Mwambie. Kwanza hakikisha yale mloandika mmeyatekeleza kweli, maana wengi wanasema kashindwa kumbe ile programu haijawekwa mpaka leo. Kama mmeyatekeleza, basi anafata utaratibu ule ule wa onyo na muda wa majaribio ulioko kwenye mkataba wenu, na kila kitu kiandikwe. Kumuacha mtu miaka bila ya kumwambia ukweli kwa kuwa "masikini ana ulemavu" ni dharau.

*Familia inakuja kuchukua mshahara.* Pesa ni za mfanyakazi. Wakikusumbua waelekeze kwake. Ikiwa ana ulemavu wa akili na kuna mtu anaemsimamia, wahusisheni ZAPDD kabla hujampa mtu yeyote shilingi.

*Mfanyakazi wangu wa zamani kapata ajali ya bodaboda, mguu umekatwa, nifanye nini?* Swali hili naulizwa kuliko mnavyodhani, na wengi wanampa kiinua mgongo na pole wanamrudisha kijijini. Usifanye hivo. Mtu huyu unamjua, kazi anaijua, wateja wanamjua. Mpe muda wa kupona, halafu anza nae hatua ya 1 kana kwamba mnaanza upya, mkivunja kazi vipande mtaona vingi bado anavifanya, na kipande kimoja au viwili mbadilishane na mwenzake. Na umpigie yeye mwenyewe akiwa bado hospitali umwambie nafasi yake ipo, asije akasikia kwa jirani kuwa ushamtafuta mwengine.